Rangi Iliyofika Shingoni mwa Brashi

Mwanaidi wa karakanani kaniletea daftari na kalamu mbili, akaniambia, "Bibi, andika. Ukituambia kwa mdomo tunacheka, halafu tunasahau." Mimi niliishia darasa la nne. Basi mtakaposoma mnivumilie, na neno likiwa limepinda mlinyooshe wenyewe, macho mnayo.

Humu hamtakuta nilianza na mshahara gani wala nani alinipandisha cheo. Siku ya kwanza nilikuwa muosha brashi, siku ya mwisho nilikuwa muosha brashi, na wajukuu zangu wote wanajua hivyo na wanatamba kwa hilo shuleni. Nawaandikia nyie mliobaki karakanani habari ya brashi moja na macho mawili ya Fundi Lameki. Jicho moja katika hayo mawili lilipotea mimi nikiwa natazama. Wengi wenu mnamjua Fundi kwa picha zake tu, na hiyo habari hakuna aliyewaambia.

Nilifika karakanani Makole, hapa Dodoma mjini, kutafuta kazi ya kufagia. Nilitoka Ihumwa asubuhi, mtoto mgongoni, vumbi mpaka kwenye kope. Karakana ilikuwa chumba kimoja kirefu nyuma ya kanisa, madirisha makubwa upande mmoja, na ndani harufu ya tapentaini iliyonipiga puani nikapiga chafya mara tatu. Fundi Lameki alikuwa amesimama mbele ya malaika ambaye hajaota mbawa bado. Mwanamume mrefu, mkavu, mashati yake yote yana rangi kifuani isipokuwa moja la Jumapili. Nikamwamkia shikamoo, akaitika bila kugeuka. Akaniuliza jina la mtoto, nikamwambia Ndahani.

"Basi Mama Ndahani, kufagia kila mtu anaweza. Safisha hizo."

Akaninyooshea kopo lililojaa brashi. Nikajiambia, kazi ndiyo hii? Nyumbani nilikuwa naosha vibuyu vya maziwa mpaka mama mkwe anakosa la kusema, na huyo mama mkwe alikuwa hakosi la kusema. Nikachukua majivu na mchanga, nikazisugua zile brashi kama masufuria. Nikazisuuza, nikazisimamisha kwenye kopo nywele juu, nikaziweka juani zikauke. Ziling'aa. Nikaenda nyumbani nimenyoosha shingo.

Kesho yake kabla sijamshusha mtoto Fundi akaniita.

"Mama Ndahani, umewahi kumwona Bikira Maria mwenye ndevu?"

"Fundi, mimi sijawahi kumwona kabisa."

"Njoo umwone."

Nikamwona. Nywele za brashi zilikuwa zimenyofoka na kuganda kwenye rangi mbichi kidevuni mwake, nane au tisa hivi, amekaa kama beberu. Fundi hakunifukuza. Alichukua brashi moja akaivunja mbele yangu, akanionyesha. Nywele zimeshikwa na gundi ndani ya shingo ya bati. Ukiisimamisha ikiwa imelowa, maji yanashuka shingoni, gundi inaoza, nywele zinatoka. Brashi iliyolowa hulazwa, au hutundikwa nywele zikiangalia chini. "Shingo," akasema, "uhai wake uko shingoni. Rangi ikifika huku ndani ikakauka, umeshamzika huyu mtu." Brashi aliziita watu. Nikaona huyu mzee ana wazimu kidogo. Baada ya mwaka mmoja na mimi nikawa naziita watu.

Kosa la pili ni la Kigogo kabisa, na wasiofuga ng'ombe hawawezi kulifanya. Fundi alisafiri siku nne kwenda Kondoa kupima ukuta wa kanisa. Akaniachia brashi zikiwa kavu kama makapi, akaniambia nizilainishe. Hakusema kwa nini. Mimi nikawaza, nywele ni nywele. Kwetu ngozi ikikakamaa unapaka samli, kichwa cha mtoto kikikauka unapaka samli, mlango ukilia unapaka samli. Nikaleta samli ya mama yangu kutoka Ihumwa, safi, inanukia, nikazipaka zote. Fundi akarudi, akazishika, akafurahi. "Laini kama pamba," akasema. Akachora macho ya Yosefu siku nzima.

Rangi ya mafuta hukauka kwa sababu mafuta yake yanakauka, kama ya kitani. Samli haikauki hata ukiingoja mpaka arusi ya mjukuu. Asubuhi tulikuta mstari wa sisimizi umetoka dirishani, umepanda ukutani, umeingia jicho la kushoto la Yosefu na kutokea jicho la kulia.

Fundi akasogeza uso karibu. "Yosefu analia sisimizi," akasema. Halafu akaniuliza, taratibu, "Samli ya nani?"

"Ya mama."

"Mama yako anajua kupika samli." Akachukua kitambaa akaanza kufuta macho. Padri alipokuja mchana kuuliza mbona Yosefu hana macho, Fundi akamjibu amelala, si ndivyo Injili inavyosema, alikuwa anaota ndoto.

Kwa hiyo nikajifunza. Mnaijua kazi, lakini niandike ili Mwanaidi asiseme nimeacha. Kwanza unafuta rangi kwa kitambaa, kutoka shingoni kwenda nchani, kamwe usirudi nyuma. Halafu mafuta ya alizeti, haya haya yanayokamuliwa hapa kwetu. Unaichovya, unaiminya kwa vidole, unafuta, unachovya tena, mpaka kitambaa kitoke kisafi. Tapentaini kidogo tu, kwa ile iliyokaidi, maana inakausha nywele na inakausha na ngozi yako. Kisha sabuni ya mche kiganjani, unaizungusha brashi kwenye povu mpaka povu litoke jeupe. Hapo ndipo maji yetu ya Dodoma yanapokutia adabu. Maji ya kisima yana chumvi, sabuni inakatika kama maziwa yaliyolala, na utando wake unabaki kwenye nywele. Ndiyo maana pale nyuma kuna pipa la maji ya mvua lenye mfuniko, na ndiyo maana nilimfokea aliyenawia miguu mle. Anajijua.

Na mwisho kabisa kucha. Unapitisha ukucha wa kidole gumba pale nywele zinapoingia kwenye bati. Ukisikia kitu kama punje ya mchanga, rangi imebaki. Macho hayaioni. Kidole ndicho kinachosikia.

Sasa Kope. Brashi ndogo kuliko zote, nywele zake unaweza kuzihesabu ukiwa na subira. Mgeni mmoja aliyekuja kutazama picha za kanisani alimwachia Fundi. Alisema ni manyoya ya mnyama mdogo wa nchi za baridi, anafanana na nguchiro. Fundi akaipa jina Kope, kwa sababu ilichora kope na mboni na ile nukta ya mwanga ndani ya jicho, basi. Nguo hakuichorea, wala mbingu. Alikuwa anasema mwili wa mtu unaweza kukosea ukasamehewa, jicho likikosea watu hawasali, wanabaki kujiuliza huyu mtakatifu anamwangalia nani.

Kope nililala nayo akilini miaka mingi. Ncha yake ikichoka naijua dawa. Kama nywele zimepinda, unazichovya kwenye maji ya moto kwa muda wa kusema jina lako na la baba yako, unatoa. Kama zimeachana, unayeyusha gundi ya mgunga, ile tuliyokuwa tunaitafuna tukichunga mbuzi, unaipaka, unazivuta kwa vidole mpaka zifunge ncha moja, unailaza mpaka alfajiri. Ukiisuuza, nywele zinakumbuka zilivyokuwa. Fundi hakunifundisha hiyo. Hiyo ni yangu. Siku aliyoiona akasema, "Kope bado kijana." Nilitembea kutoka Makole mpaka sokoni Majengo nikicheka peke yangu, wauza mtama wakadhani nimeokota kitu.

Mtu akikuletea brashi zake kila jioni kwa miaka, unamjua kuliko mkewe. Najua nani anakandamiza akiwa na hasira, najua nani alikunywa jana. Fundi Lameki alikuwa anatumia ncha tu. Rangi kwenye Kope haikuwahi kupita theluthi ya nywele. Hata siku aliyomzika mkewe akaja jioni kuchora, maana alisema nyumbani kumejaa watu, hata siku hiyo rangi ilikuwa nchani.

Ndipo jioni moja nikaiona imefika nusu.

Nikasema amechoka. Wiki ile ikafika nusu tena, halafu ikafika shingoni. Nywele zikaanza kuachana, na zimechakaa upande mmoja, kama ufagio wa mtu anayefagia kwa mkono mmoja. Nikajua maana yake mapema, sitawadanganya. Mkono unaoona kitambaa cha picha unakigusa. Mkono usiokiona unakigonga. Fundi alikuwa anagonga.

Mtaniuliza nilifanya nini. Niliosha. Kila jioni nikaitoa ile rangi shingoni, nikapaka gundi, nikaifunga ncha, asubuhi nikamrudishia Kope kama imetoka dukani. Sasa nilikuwa natumia gundi kila siku kwa kazi ya mara mbili kwa mwaka. Na yeye kila asubuhi anaishika, anaipitisha kwenye mwanga pale dirishani, anasema, "Kope bado kijana." Na mimi, mjinga, nafurahi. Angeikuta imeharibika asubuhi mbili mfululizo angejiuliza mwenyewe. Mimi nilikuwa nafuta kila kitu ambacho kingemwambia. Nilijiambia ni heshima. Yeye ni mkubwa wangu, alinisamehe ndevu za Maria na sisimizi wa Yosefu, mimi ni nani nimwambie haoni? Hivyo mwaka ukapita, ukapita kidogo zaidi.

Kazi kubwa ikaja wakati huo huo. Kanisa jipya lilitaka Karamu ya Mwisho, Bwana na mitume, ichorwe kwetu karakanani kwenye kitambaa cha kujaza ukuta wao mzima wa mbele. Watu kumi na watatu, macho ishirini na sita. Miili ilikwenda vizuri, maana mwili Fundi angeuchora akiwa usingizini. Akaanza macho. Mtume wa kwanza mboni zikakaa sawa. Wa pili moja ikapanda. Wa tatu alikuwa anaangalia dari na sakafu kwa pamoja. Wachoraji wawili waliokuwepo wakawa wanatoka nje kwenda kucheka, wakirudi wana adabu. Hapo nikaona haya. Afadhali angechekwa na mimi usoni.

Nikangoja wakaenda kula.

"Fundi, Kope inagonga."

"Inagonga nini?"

"Picha. Mwaka huu rangi inafika shingoni. Huoni vizuri, Fundi. Nenda hospitali."

Akaweka brashi chini. "Sechelela," akasema. Alikuwa haniiti jina langu, aliniita Mama Ndahani tangu siku ya kwanza. "Wewe kazi yako ni nywele. Macho ni kazi yangu."

"Hizo nywele ndizo zimeniambia."

"Basi kuanzia leo hazitakwambia kitu."

Akaondoka na Kope. Akawa anaiosha mwenyewe, kwenye kona yake, amenipa mgongo. Ilikuwa wiki nzima bila neno. Asubuhi akiingia anasalimia wote, "Mbukwenyi," kwa lugha yetu, na wote wanaitika, na mimi naitika, lakini hanitazami. Nikaosha brashi za wengine nikizipiga makopo kwa kelele.

Siku ya nane akaja mezani kwangu, akaiweka Kope mbele yangu.

"Umeona? Safi."

Nilipoishika ilikuwa ngumu kama mwiba wa mgunga. Rangi nyeupe imekauka kuanzia shingoni mpaka karibu na ncha. Nyeupe, ambayo hata mtoto angeiona. Nikamshika mkono, kitu ambacho sikuwahi kukifanya, nikapitisha ukucha wake wa gumba pale kwenye bati. Akasikia zile punje. Akapitisha tena mwenyewe. Akapitisha mara ya tatu, na wachoraji wale wawili wakaacha kazi.

"Hii niliiosha jana," akasema.

"Najua, Fundi."

"Niliiosha vizuri."

"Najua."

Akavuta kigoda akakaa. "Hiyo hospitali," akasema, "bajaji zinafika?"

Tulikwenda wote. Daktari alikuwa binti mdogo, mpole, alimpima kwa taa muda mrefu. Akasema jicho la kulia lina mtoto wa jicho, huyo hutolewa na mzee ataona. La kushoto lina presha, nayo imekula mshipa wa ndani, na kilicholiwa hakirudi. Akauliza, "Mzee, dalili zilianza lini?"

"Wiki hizi mbili tatu," Fundi akasema.

Daktari akawa anaandika. Ningeweza kunyamaza, nilikuwa na uzoefu wa kunyamaza. Nikasema, "Mwaka na zaidi, daktari."

Kalamu ikasimama. Fundi akanigeukia na lile jicho lililokuwa bado linaambulia kitu. Daktari akasema, bila ubaya wowote, mwaka mmoja nyuma hilo la kushoto wangeweza kulizuia.

Kwenye bajaji tulikaa bega kwa bega. Tulipofika karibu na Makole akauliza, "Mwaka?"

"Mwaka, Fundi."

"Na kila asubuhi ulikuwa unanipa Kope kama mpya."

"Ndiyo."

Akageukia barabara. Nilitamani anitukane.

Alipokuwa amelazwa mimi nilikaa na Kope. Kila mtu aliniambia tupa. Niliizamisha kwenye alizeti, nimeitundika kwa uzi ili nywele zisiguse chini. Siku ya tatu rangi ikaanza kukubali. Niliikwangua kwa sindano, punje moja moja, kutoka shingoni kwenda nchani. Nikaifunika kwa sabuni ya mche ikalala hivyo. Nikaisuuza kwa maji ya mvua. Nywele saba zilibaki kitambaani, nilizihesabu, nikazifunga kwenye karatasi kama meno ya mtoto. Nikaipaka gundi. Nilijua jicho siwezi kulirudisha. Kope niliweza.

Fundi akarudi, jicho la kulia limeshatolewa kitambaa, miwani juu yake. Akasimama mbele ya Karamu ya Mwisho. Akasogea. Akarudi nyuma.

"Nani kawapaka mitume bluu hivi?"

Tukaangaliana. "Ni wewe, Fundi," nikasema.

"Wamekaa kama wametoka kwenye friji." Akacheka, na sisi ndiyo tukapata ruhusa ya kucheka. Lile jicho la kulia, kabla mtoto wa jicho hajatolewa, lilikuwa linamwonyesha dunia ya njano kitambo chote hicho, naye akawa anaongeza bluu ili isawazike. Akanyoosha mkono bila kugeuka, nikaweka Kope kiganjani. Akaipitisha kwenye mwanga. Akahesabu, maana sasa aliweza kuhesabu.

"Imepungua."

"Nywele saba."

"Bado inafunga ncha," akasema, akaanza kazi.

Alirekebisha macho yote kwa wiki tano, isipokuwa ya mtume mmoja, wa mwisho kushoto, mwenye mkate mkononi, ambaye jicho lake moja linakuangalia na lingine liko safarini. Padri akauliza. Fundi akamwambia huyo anamwangalia anayechelewa ibada. Padri alipoondoka akaniambia mimi, "Huyo simgusi. Huyo ni wa mwaka wako."

Nilistahili. Sikuomba amrekebishe. Fundi akachora miaka mingine tisa kwa jicho moja, rangi nchani, na tulipomzika Ihumwa, wakati watu wanapanda mtama, tulikuwa tumeshacheka habari hiyo mara nyingi, lakini yule mtume hakuguswa. Nikienda kusali kanisa lile nakaa upande wa kushoto.

Mwanaidi alikuja karakanani baadaye, binti wa Kondoa, amejifunga mtandio vizuri, vidole vyembamba, nikamfundisha yote niliyoandika humu na mengine ambayo hayaandikiki. Nilimwambia na habari ya mwaka wangu. Ni yeye peke yake niliyemwambia.

Sasa mwaka huu, asubuhi moja, nilikuwa nalaza brashi kwenye trei akaja akasimama pembeni.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba. Mbona umesimama kama mgeni?"

"Bibi, nisamehe. Brashi zako za jana zina rangi shingoni."

Nikachukua moja nikapitisha ukucha. Laini kabisa. Nikamwambia hivyo. Akainyoosha kwenye mwanga wa dirisha, akaikwangua kwa sindano, na punje nyekundu ikadondoka mezani kwangu. Nikapitisha ukucha tena. Laini. Tapentaini ya miaka yote ile imekula ncha za vidole vyangu, na mimi nilikuwa wa mwisho kujua.

"Za jana tu?" nikamuuliza.

"Za jana na juzi."

"Na kabla ya juzi?"

"Kabla ya juzi zilikuwa safi. Niliziangalia zote, Bibi, moja moja. Juzi nilidhani umechoka."

Nilikasirika mpaka saa nane. Nilimwambia ana macho ya kunguru, nilimwambia mengine ya Kigogo ambayo namshukuru Mungu hakuyaelewa. Aliendelea kuosha. Nikaenda nyuma kwenye pipa, nikanawa mikono kwa maji ya mvua, nikakaa nikihesabu. Siku mbili. Mimi nilichukua mwaka na zaidi.

Nikarudi ndani, nikafungua kijaluba changu, nikamtolea Kope aliyoniachia Fundi.

"Za jana na juzi zote ziloweke upya," nikamwambia. "Anza na hii."